Kufundisha Uchakavu wa Mali Mahali Pasipo na Magari: Somo la Uwekaji Hesabu Kutoka Maparoni

Katika vitabu vingi vya uwekaji hesabu, somo la uchakavu wa mali huanza na gari. Mfanyabiashara fulani amenunua gari kwa shilingi kadhaa, atalitumia kwa miaka kadhaa, na mwanafunzi anatakiwa atafute thamani yake mwishoni mwa mwaka wa tatu au wa nne. Mfano huo haumsumbui sana mwanafunzi wa Dar es Salaam, ambaye kila siku hupita mbele ya magari yaliyobandikwa vioo karatasi za kutangaza kwamba yanauzwa. Lakini mfano ulio mwepesi mahali pamoja huweza kuwa kizuizi mahali pengine, na jambo hilo tulilifahamu vema tulipofuatana na wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha huko Maparoni.

Maparoni ni kata ya wilaya ya Kibiti, nayo imo ndani ya delta ya Mto Rufiji. Barabara kuu ya lami itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi hupita Kibiti mjini, kisha huvuka mto kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, wala haiingii deltani. Mwenda Maparoni huliacha gari bara, aghalabu Nyamisati, akapanda chombo. Na chombo hungoja maji. Mtoto aliyezaliwa kule hujua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma saa. Gari analijua, kwa kuwa huliona akivuka bara, lakini hajapata kuona jirani yake akinunua gari jipya, akilitumia, na kuliuza kwa hasara.

Mwanachuo mmoja wetu aliandika ubaoni swali hili: "Shirika lilinunua gari kubwa, yaani shangingi, kwa Sh. 80,000,000. Uchakavu wake ni asilimia 37.5 kwa mwaka. Tafuta thamani ya gari hilo baada ya miaka mitatu." Kiwango hicho hakukibuni. Ndicho kilichowekwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 kwa magari ya kundi hilo, na tulifurahi kwamba mwanachuo alijitahidi kuitafuta sheria yenyewe badala ya kutosheka na tarakimu za kitabuni.

Wanafunzi wakaanza kazi. Asilimia 37.5 ya Sh. 80,000,000 ni Sh. 30,000,000. Mara tatu ni Sh. 90,000,000. Toa katika 80,000,000. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika jibu la hasi Sh. 10,000,000, wakalipigia mistari miwili chini kwa rula, wakafunga madaftari. Mwanachuo alisema kwamba jibu hilo si sahihi, akaandika kanuni ubaoni, nao wakainakili.

Sisi tuliokaa nyuma ya darasa hatukushangazwa na kosa. Kosa hilo hufanywa kila mahali, na kwa hakika mwanachuo hakuwa amewaeleza kwamba asilimia hutolewa katika salio la mwaka uliopita, wala haitolewi katika bei ya ununuzi. Kilichotushangaza ni utulivu wa darasa. Gari lenye thamani chini ya sifuri maana yake ni kwamba mwenyewe atamlipa mtu Sh. 10,000,000 ili alichukue. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyecheka, wala aliyeuliza. Kwao shangingi lilikuwa kitu cha kitabuni, na vitu vya kitabuni huweza kufanya lolote.

Siku iliyofuata tuliliomba darasa lile lile tulifundishe wenyewe. Tulitumia tarakimu ndogo na chombo wanachokijua. Tukasema kwamba mzee mmoja amenunua boti ya mbao pamoja na mashine yake kwa Sh. 8,000,000. Tukawapa asilimia 25 kwa mwaka, ambacho ni kiwango cha sheria ile ile kwa vyombo vya majini. Kisha kwa makusudi tukaifanya hesabu kwa njia yao ya jana: Sh. 2,000,000 kila mwaka, kwa miaka mitano, ni Sh. 10,000,000, kwa hiyo boti ina thamani ya hasi Sh. 2,000,000. Darasa likalipuka kwa kicheko. Kijana mmoja akauliza kama mzee huyo amerogwa. Msichana aliyeketi karibu na dirisha akasema neno ambalo tuliliandika mara moja: "Hata ikifa kabisa, mbao zake ni kuni, na kuni zinauzwa."

Hapo somo lilikuwa limeanza. Msichana yule, bila kitabu, alikuwa ameeleza thamani ya masalio, yaani kile kinachobaki baada ya mali kumaliza kazi yake.

Tuliupata papo hapo mfano wa pili wa jambo hilo katika historia ya delta yenyewe. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoanza kazi mwaka 1907, ilijificha katika mito ya delta ya Rufiji mwaka 1914, na mwezi Julai 1915 ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe baada ya kupigwa na manowari za Waingereza. Mizinga yake ilitolewa majini ikatumika katika vita vya nchi kavu, na mmoja wake leo unaonekana Fort Jesus, Mombasa. Mwaka 1924 haki ya kuchukua vyuma vya mabaki yake ilinunuliwa kwa pauni 200. Chombo kilichokuwa fahari ya dola kikawa bei ya chakavu, na hata hivyo pauni 200 si sifuri. Wanafunzi walilipenda sana jambo hili, nasi tunaamini kwamba mwalimu wa delta asiyelitumia katika somo hili anaacha zana bora ikilala mlangoni pake.

Tulimwalika darasani fundi wa boti wa pale kijijini. Twapenda kukiri kwamba tulimwalika kwa ajili ya kuchangamsha somo, tusitarajie kwamba atatusahihisha. Tulipomweleza ile asilimia 25, alitikisa kichwa. Akasema kwamba hatukufanya haki kuweka mbao na mashine katika hesabu moja. Mbao, mwenyewe akiipandisha boti ufukoni kwa wakati, akaikalafati kwa pamba na mafuta, akaipaka rangi, na kubadili ubao mmoja uliotobolewa na wadudu wa majini, hudumu miaka mingi. Mashine ni habari nyingine. Mashine hunywa maji ya chumvi ili ijipoze, na chumvi huganda katika njia zake za ndani. Matope ya delta hula feni ndogo ya mpira inayovuta maji hayo. Asiyeisafisha kwa maji baridi kila arudipo, alisema, huihesabia siku zake.

Basi tuliifuta hesabu yetu tukaiandika upya kwa maneno ya fundi. Tuseme mbao ziligharimu Sh. 4,500,000, nazo zitadumu miaka 15. Tuseme mashine iligharimu Sh. 3,500,000, itadumu miaka 5, na mwisho wake vipuri vyake vitauzwa kwa Sh. 500,000. Kwa njia ya kiasi kilekile kila mwaka, mbao hupoteza Sh. 300,000 kwa mwaka. Mashine hupoteza Sh. 3,000,000 kwa miaka 5, yaani Sh. 600,000 kwa mwaka. Iliyo rahisi kwa bei ndiyo iliyo ghali kwa mwaka. Jumla ni Sh. 900,000. Mvuvi akienda baharini siku 180 katika mwaka, kila siku moja imebeba Sh. 5,000 za uchakavu, apate samaki au asipate.

Jambo hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote katika somo, nalo linastahili muda mrefu kuliko kanuni. Mafuta ya mashine hulipwa kwa fedha taslimu, na kila mtu huziona zikitoka mkononi. Uchakavu hauonekani ukitoka. Hakuna anayekuja mlangoni kuudai. Kwa sababu hiyo mwanafunzi, na hata mtu mzima, huona kwamba si gharama, bali ni ujanja wa wahasibu. Tulijaribu kulieleza kwa njia mbili tatu, na nyuso zikabaki vile vile, mpaka mwanafunzi mmoja alipouliza: "Hiyo si ndiyo fungu la chombo?"

Ndiyo hasa. Katika uvuvi wa pwani, mapato ya samaki yakishatolewa mafuta na posho, hugawanywa kwa mafungu. Mabaharia wana mafungu yao. Chombo kina fungu lake. Mashine na nyavu huwa na mafungu yao pia, ingawa mgawo hutofautiana mahali na mahali. Fungu la chombo humwendea mwenye chombo, na vijana wengi hudhani kwamba ni faida yake tupu. Tuliwauliza: chombo hakili wali, basi fungu lake ni la nini? Mabishano yaliyofuata yalitumaliza kipindi kizima, nasi hatukuyakatiza. Mwishowe walikubaliana kwamba sehemu ya fungu hilo ni malipo ya uchakavu, na kwamba mwenye chombo anayelila lote anakula mbao na mashine kidogo kidogo, bila kusikia ladha ya chuma.

Tumepata kuona pwani boti za vikundi, zilizopatikana kwa michango au kwa misaada, zikilala mchangani na mashine zao zimekufa. Mara nyingi daftari la kikundi halina doa: mapato yameandikwa, mafuta yameandikwa, mgawo umetiwa sahihi. Safu moja tu haimo. Mwalimu akiweza kuliingiza jambo hili katika akili ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, ambaye baada ya miaka michache ndiye atakayekuwa mweka hazina wa kikundi cha namna hiyo, amefanya kazi kubwa kuliko kumpatia alama mbili za mtihani.

Baada ya hapo ndipo tuliporudi kwenye shangingi. Kwanza tulihakikisha kwamba njia ya salio linalopungua imeeleweka kwa mikono. Kila kundi la wanafunzi lilipewa korosho 64. Kwa chombo cha majini, kila "mwaka" waliondoa robo ya zile zilizobaki: 64, kisha 48, kisha 36, kisha 27. Kwa gari waliondoa sehemu tatu za nane, maana asilimia 37.5 ni sehemu tatu za nane kamili: 64, kisha 40, kisha 25. Wanafunzi waliona kwa macho kwamba kiasi kinachoondolewa hupungua kila mwaka, na kwamba lundo halifiki sifuri, sembuse chini ya sifuri. Tunamshauri mwalimu atumie korosho zisizobanguliwa. Sisi tulitumia zilizobanguliwa na kukaangwa, na malundo mawili yakachakaa kwa kasi isiyo katika sheria yoyote.

Kisha walifanya lile swali la siku ya kwanza. Sh. 80,000,000 hushuka hadi 50,000,000 mwishoni mwa mwaka wa kwanza, hadi 31,250,000 mwishoni mwa wa pili, na hadi 19,531,250 mwishoni mwa wa tatu. Mwaka wa kwanza peke yake umekula Sh. 30,000,000. Tukawataka waigawanye kwa siku 365, wakapata zaidi ya Sh. 82,000 kwa siku, hata gari likilala chini ya mwembe. Safari hii darasa halikunyamaza.

Tarakimu hizo ni za vitabu vya kodi, nazo si bei ya soko. Mwalimu asipotenganisha mambo haya mawili atakuwa amemfundisha mwanafunzi jambo la uongo. Sheria huweka kiwango kimoja kwa gari dogo la mjini na kwa shangingi. Mnunuzi hafanyi hivyo. Tuliliuliza darasa kwa nini gari jipya hushuka bei sana mara tu baada ya kununuliwa, hali halijachakaa. Walijibu kwa mfano wa mashine ya boti: mashine iliyokwisha tumika hununuliwa kwa hofu, kwa kuwa hujui kama mwenyewe aliisafisha kwa maji baridi au la. Sehemu ya bei inayopotea ni malipo ya shaka. Hatukuwa na jibu bora kuliko hilo. Shaka hiyo huzidi katika nchi iliyopatwa na mafuriko, kama yale ya Rufiji na Kibiti ya mwezi Aprili 2024, maana gari lililoingiwa na maji huweza kung'arishwa nje hali nyaya zake zinaoza ndani.

Kwa magari makubwa ya fahari kuna sababu ya pili. Mwenye uwezo wa kulihudumia hulitaka likiwa jipya. Na likiisha kuwa la zamani, anayeweza kulinunua hawezi kulilisha. Injini yake hunywa mafuta vile vile kama siku ya kwanza, na vipuri vyake havishuki bei kwa sababu gari limezeeka. Vifaa vyake vingi vya umeme na vya kunyanyulia bodi, vilivyokuwa sababu ya bei kubwa, huwa ndiyo sababu ya kuogopwa. Ndiyo maana hasara ya fedha huwa kubwa katika miaka ya mwanzo. Kwa mashirika na familia zinazoweza kusubiri, hapo ndipo penye nafuu: hasara ya miaka hiyo huilipa mnunuzi wa kwanza.

Magari mengi yaliyokwisha tumika tunayoyaona hapa Tanzania hutoka Japani, na kule mnunuzi wa kwanza huwa amekwisha kuilipa sehemu hiyo. Gari dogo la binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na wengi huona afadhali kuliuza kuliko kulipa gharama za ukaguzi na matengenezo. Umri huo huo hutazamwa tena likifika bandarini. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza; Tanzania hulipokea, lakini huongeza ushuru kwa magari yaliyozeeka. Kwa hiyo umri peke yake, bila kujali hali ya injini, umekuwa na bei yake, na hili nalo ni somo.

Lakini isidhaniwe kwamba kila gari kubwa huanguka kwa namna moja. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo watu huiita mkonga, ilianza kutengenezwa mwaka 1984 na umbo lake halijabadilika sana. Fundi wa Kibiti anaijua bila kitabu, kipuri cha gari moja huweza kufaa jingine, na matope ya masika hayaitishi. Bei yake sokoni hushuka polepole kuliko asilimia 37.5 inavyodai. Mwanafunzi mmoja aliifananisha na boti ya mbao, na shangingi akalifananisha na mashine. Tungeweza kumpinga katika mambo madogo, lakini hatukufanya hivyo.

Wapo watakaouliza juu ya gari lililouzwa kwa shilingi nyingi kuliko lilivyonunuliwa. Wazee waliokuwa na Land Rover wakati shilingi ilipopunguzwa thamani mwaka 1986 wanaweza kusimulia mambo hayo. Mwalimu aeleze kwa ufupi kwamba hapo fedha ndiyo iliyochakaa upesi kuliko gari, kisha aendelee. Akikaa sana hapo atapoteza darasa.

Neno moja juu ya lugha. Mtihani wa somo hili huandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu hana budi kumzoeza mwanafunzi istilahi zake. Lakini tuliona kwamba waliokwisha kubishana juu ya fungu la chombo kwa lugha yao waliyashika maneno ya kigeni kwa dakika chache, ilhali siku ya kwanza waliyanakili yote bila kosa la tahajia, na bila kuelewa.

Kazi ya nyumbani tuliyowapa ilikuwa fupi: kila mmoja aulize nyumbani chombo au mashine ya familia ilinunuliwa mwaka gani, kwa bei gani, na ikiuzwa leo itapata kiasi gani. Asiye na chombo nyumbani aulize juu ya cherehani, baiskeli, au sola. Majibu yalikuja ya namna nyingi, na tarakimu zake tulizitumia kwa vipindi vitatu vilivyofuata. Kijana mmoja alileta mwaka na bei ya ununuzi, na nafasi ya tatu akaiacha wazi. Tulipomwuliza, alijibu kwamba baba yake ametuma salamu kwa walimu, na boti haiuzwi.